Kefa na Nyumba Namba Saba

Kambi ya miwati haikuwa na kengele. Ilikuwa na chuma cha gari bovu kilichoning'inizwa mtini, na mlinzi alikigonga kila alfajiri kama mtu aliyekosana nacho. Wanaume walitoka vibandani na blanketi mabegani, maana baridi ya Njombe haimwonei mtu haya. Walikunywa uji wao haraka haraka. Kisha walijipanga mstari mbele ya nyapara Mikaeli, naye akawagawia kazi za siku.

Mwaka ulikuwa 1954, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha. Kefa alikuwa mbanduaji wa magome. Kazi yake ilikuwa kuangusha muwati, kuubandua gome lake lote, na kulifunga gome hilo fungu fungu. Lori lilikuja kuyachukua mafungu na kuyapeleka kiwandani, yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Kefa alikuwa na mkono mzuri. Gome lilitoka mikononi mwake refu, bila kukatika.

Mkono ulikuwa kazini, lakini moyo haukuwepo. Moyo ulikuwa kwao, karibu na Ilembula, kwa mke wake Tabea. Kefa aliondoka nyumbani Tabea akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa baba hayupo. Akaitwa Ema, akaota meno, akaanza kutembea, na Kefa hajamtia machoni hata siku moja.

Kutoka kambini mpaka kwao ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Unakwenda kwanza Makambako, halafu unashika njia ya Ilembula. Mapumziko ya wafanyakazi yalikuwa Jumamosi mchana na Jumapili tu. Na msimu wa magome ukishaanza, hakuna ruhusa. Anayeondoka bila ruhusa anaitwa mtoro, na mtoro hutafutwa.

Kwa hiyo Kefa alibaki na hamu yake. Akimwona mwanamke barabarani amebeba mtoto mgongoni, alisimamisha shoka hewani mpaka mwanamke yule apotee kwenye kona. Wenzake walimcheka.

"Kefa, mti hauangushwi kwa macho," alisema Yoramu, mbanduaji mwenzake.

"Nimepumzika tu, mnyalukolo, ndugu yangu."

"Umepumzika, na mate yanakutoka!"

Walicheka wote, hata Kefa. Lakini Yoramu naye alikuwa na mke mbali, huko Bulongwa, na kicheko chake hakikudumu.

Wanaume hawa walikaa katika laini, yaani safu ya vyumba, ya wasio na familia, watu wanne chumba kimoja. Ng'ambo ya kijito ilikuwa laini ya wenye familia, nyumba saba tu. Mwezi wa tisa, watu waliokuwa nyumba namba saba walihama. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Tangu siku ile Kefa aliiota nyumba ile hata mchana. Alijua mahali atakapoweka kitanda. Alijua mahali Tabea atakapokoka moto.

Je, nyumba inaombwa kwa nani? Hapa ndipo Kefa alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyelelewa vizuri. Kwao Ubena, mtu akitaka mahali pa kukaa, humwendea mtwa, yaani mtawala wa nchi. Hamwendei na maneno matupu. Huenda na jembe, akalima shamba la mtwa siku kadhaa, naye mtwa humwona na kumkumbuka. Kefa aliangaza macho kambini akamtafuta mtwa. Nani anapiga filimbi watu wakasimama? Mikaeli. Nani akikukasirikia anakupeleka korongoni, kwenye miteremko na siafu? Mikaeli. Basi, mtwa amepatikana.

Jumamosi iliyofuata alichukua jembe akaenda kwenye shamba la Mikaeli. Alibeba pia kibuyu cha pombe ya ulezi, amekificha chini ya blanketi, maana alikuwa msharika wa Kilutheri na mwinjilisti alikaa karibu na njia.

"Kamwene, nyapara," alimsalimia.

"Kamwene, Kefa. Umekuja kunitembelea na jembe?"

"Nimekuja kukusaidia kidogo. Nina haja. Nataka ile nyumba namba saba, nimlete mke wangu."

Mikaeli alikipokea kibuyu. Akanywa, akafuta mdomo.

"Nimekusikia," alisema.

Neno hilo moja lilimtosha Kefa. Alilima siku ile mpaka mgongo ukakakamaa. Alilima Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijiambia. Baada ya Jumamosi ya nne alifanya jambo la haraka. Alimwandikia Tabea barua: "Nyumba iko karibu kupatikana. Njoo Makambako kwa shangazi yako, unisubiri hapo."

Mwanamke mwenye hamu hahitaji kuambiwa mara mbili. Tabea alimfunga Ema mgongoni akaondoka.

Wiki mbili zilipita. Jibu lililetwa na Efraimu, dereva wa lori lililokuwa likienda Makambako mara mbili kwa wiki. Kefa aliketi juu ya gogo akaisoma barua polepole, kidole kikifuata maneno.

"Mume wangu Kefa, salamu. Niko Makambako. Ema ni mzima. Kila lori likipita namwonyesha. Shangazi hanifukuzi, lakini jana ameniuliza kama nyumba hiyo ina mlango au ni ya maneno. Baba ameagiza kwamba mwezi huu ukiisha nirudi Ilembula kulima. Nikirudi hataniachilia tena mpaka mavuno. Niambie kweli. Nisubiri au nirudi? Mimi Tabea."

Kefa aliisoma mara tatu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi. Akaikunja barua, akaenda moja kwa moja kwa Mikaeli.

"Nyapara, mke wangu yuko Makambako. Naomba ufunguo."

"Nimekusikia, Kefa."

"Umenisikia tangu Oktoba!"

Mikaeli aliangalia pembeni. "Mambo ya nyumba yana taratibu zake. Usinisukume. Ukinisukuma, kesho utabandua kule korongoni."

Kesho yake Kefa alibandua korongoni. Siafu walimpanda, mvua ikamnyeshea, na moyo wake ukaiva kwa hasira. Jioni jua likiwa bado lipo, alikunja blanketi, akafunga sufuria yake kwa kamba. Aliamua kutoroka. Potelea mbali kazi. Afadhali akamatwe akiwa amemwona mtoto wake.

Njia ya kutokea kambini ilipita kando ya kitalu, mahali miche ya miwati ilipooteshwa. Hapo alifanya kazi Telesia, mama wa makamo, Mpangwa, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na ulimi mwepesi. Watu walimwita Mama Agustino, kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa ameinama mbele ya moto, ameteleka debe la maji.

"Shikamoo, Mama Agustino."

"Marahaba. Unahama na sufuria? Huko uendako hakuna sufuria?"

Mama Agustino alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Weka mzigo chini. Mtoro halisi haagi watu. Wewe umeniamkia, basi bado hujaamua. Kaa hapa uniambie."

Kefa alikaa. Alimweleza yote: nyumba, jembe, kibuyu, barua. Alipofika kwa Ema machozi yakamtoka.

"Lia tu, mwanangu," alisema Mama Agustino. "Hata mimi nimelia mbele ya moto huu. Moshi ni rafiki mzuri, unasema ni yeye aliyekutoa machozi." Kisha akauliza, "Hivi, hapa kitaluni mkubwa ni nani?"

"Msimamizi wa kitalu. Ana filimbi."

"Ngoja kidogo."

Wakati uleule msimamizi alikuja akinyoosha shingo. "Mama Agustino, zile mbegu tuzipande kesho? Bwana meneja anauliza."

"Hapana. Bado hazijalainika. Kesho kutwa."

"Haya, kesho kutwa. Nitamwambia." Akaondoka na filimbi yake.

Mama Agustino aliepua debe, akaliacha lipoe kidogo, kisha akamimina maji juu ya mbegu nyeusi zilizokuwa ndani ya beseni.

"Umeona? Mbegu ya muwati ina ganda gumu. Ukiipanda hivi hivi, inakaa ardhini mwaka mzima inakucheka. Ukiichemsha sana, inakufa. Najua kipimo chake, na msimamizi hakijui. Sina filimbi wala cheo, lakini neno langu linangojwa mpaka na Mzungu. Hiyo ni nguvu ya ujuzi, Kefa. Hapa kambini kuna nguvu nyingi, na hazikai zote kwa mtu mmoja."

"Lakini nyapara ndiye mkubwa wetu."

"Ni mkubwa wa zamu. Anaweza kukupeleka korongoni, umejionea. Hiyo ni nguvu ya cheo, na nguvu ya kuadhibu. Usiidharau. Ila nyumba si zake. Umemwendea mchunga ng'ombe ukamwomba samaki."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie kwamba hawezi? Mwanamume anayelimiwa bure na wabanduaji watatu?"

Kefa alishtuka. "Watatu?"

"Wewe Jumamosi mchana. Yoramu Jumapili akitoka ibadani. Yosefu wa zamu yenu naye jioni za katikati ya wiki. Wote mnaitaka nyumba hiyohiyo, wote mmebeba pombe, na kila mmoja anamficha mwenzake. Mikaeli mwaka huu atavuna mahindi mengi kuliko mtwa mwenyewe!"

Kefa hakujua acheke au akasirike. "Basi nyumba ziko kwa nani?"

"Mwenye karatasi. Umewahi kusimama kwenye baraza ya ofisi?"

"Hapana. Pale huitwa watu wenye makosa."

"Ndiyo maana hamjui kitu. Kuna ubao pale. Mimi sikusoma, lakini wewe umesoma darasa la kipaimara. Nenda ukasome. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Na hiyo sufuria, irudishe mahali pake."

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, Kefa alipanda ngazi za ofisi. Karani Danieli alikuwa ameketi mezani. Ukutani palikuwa na ubao, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kefa alisoma kwa sauti ya chini. Nyumba ya familia hupewa mfanyakazi aliyemaliza vipande kumi na viwili, yaani kadi kumi na mbili za siku thelathini za kazi. Alete cheti cha ndoa. Nyapara wake aseme ni mtu wa namna gani kazini. Jina lake liandikwe ofisini. Maombi husikilizwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Aliyefanya kazi siku nyingi zaidi hutangulizwa.

"Unasoma kweli, au unapumzika?" aliuliza Danieli.

"Nasoma, karani. Karatasi hii ina siku nyingi?"

"Miezi saba. Hakuna aliyesimama mbele yake, isipokuwa mbuzi wa mlinzi. Alikula pembe ile pale."

"Na nyumba namba saba, wangapi wameandikwa?"

Danieli alifungua daftari akamwonyesha. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Kefa aliutazama weupe ule kwa muda mrefu. Jumamosi zote zile! Nyumba ilikuwa imekaa tupu kwa sababu hakuna mtu aliyeiomba mahali inapoombwa.

"Niandike," alisema. "Kefa. Vipande kumi na vinne. Cheti cha ndoa ninacho, kiko ndani ya Biblia yangu."

"Nimekuandika. Jumatatu ijayo. Ukiwa peke yako, nyumba ni yako."

Kefa alishuka ngazi akiwa mwepesi. Alikuwa ameshafika kijitoni alipotulia, na hapo neno la Danieli likamrudia. Ukiwa peke yako. Yoramu alikuwa na vipande ishirini. Yosefu alikuwa na kumi na tisa. Wakijua, watatangulia. Wasipojua, Tabea atalala hapa kabla mwezi haujaisha.

Siku mbili Kefa alinyamaza. Alibandua magome bega kwa bega na Yoramu, na kila gome lilipotoka alisikia kama linatoka mwilini mwake. Alimtaka mke wake. Alimtaka mtoto wake. Je, ni dhambi mtu kuwataka walio wake? Kujua jambo ambalo mwenzako halijui ni nguvu pia, na Kefa sasa alikuwa nayo mkononi. Wala haikumpa raha.

Siku ya tatu walikaa kula. Yoramu alichoma viazi, akamchagulia Kefa kile kikubwa.

"Kula, mnyalukolo. Umekonda." Kisha akasema polepole, akitazama moto, "Unajua, mke wangu ameandika. Amesema amesahau sauti yangu. Namlimia mtu mmoja hapa, ameniahidi jambo. Jumapili nitakwenda tena."

Kefa aliweka kiazi chini.

"Usiende," alisema. "Yoramu, usiende kulima. Njoo nikusomee kitu."

Jioni ile, kabla ofisi haijafungwa, Kefa alisimama barazani akasoma karatasi yote kwa sauti. Aliwasomea Yoramu na Yosefu, na watu wengine kumi na watano waliosimama chini ya ngazi kwa kuogopa kupanda. Aliposoma kwamba aliyefanya kazi siku nyingi hutangulizwa, Yoramu aligeuka akamtazama.

"Kwa hiyo nyumba ni yangu," alisema Yoramu. "Na wewe ulijua."

"Nilijua tangu juzi. Nilinyamaza siku mbili. Unisamehe."

Yoramu alimshika Kefa mkono akaushikilia, na watu wote walikuwa wakiona.

Kefa alirudi kitaluni, mabega yameshuka. "Nimesema, Mama Agustino. Nyumba imekwenda. Tabea atarudi Ilembula."

"Umepoteza nyumba namba saba," alisema mama. "Lakini umepata kitu. Leo watu kumi na saba wanakuamini. Hakuna bwana anayeweza kukupa hicho, wala kukunyang'anya. Sasa tufikiri. Ukitaka kumwomba mtu jambo, jiulize kwanza yeye anataka nini. Bwana meneja anataka nini?"

"Magome."

"Tangu mvua zianze, wabanduaji sita wametoroka. Wote wake zao wako mbali. Mimi nahesabu, maana kila mtoro hupita hapa kwangu. Miti mliyobandua inafanya nini?"

"Mingine inakwenda kuni. Mingi inalala inaoza."

"Na Jumamosi zenu sasa mnafanya nini, kwa kuwa hamlimi tena kwa mtu?"

Uso wa Kefa ukafunguka taratibu.

Kabla ya Jumatatu alimwendea Mikaeli. Hakwenda na kibuyu, wala hakwenda na hasira.

"Nyapara, sikuombi nyumba. Naomba ushahidi wako tu. Ukiulizwa na bwana, sema unavyoiona kazi yangu, na ya Yoramu, na ya Yosefu."

Mikaeli alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hilo naweza," alisema. "Na lile jingine, Kefa... ningekuambia mapema. Mtu akiheshimiwa sana, inakuwa vigumu kusema siwezi."

Jumatatu walisimama barazani. Bwana meneja alikuwa mtu mrefu, mwekundu, wa maneno machache. Danieli alisoma majina matatu. Mikaeli aliulizwa, akasema kweli: wote watatu ni wabanduaji wazuri, na gome la Kefa halikatiki. Yoramu akapewa ufunguo wa namba saba. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Basi?" alisema bwana meneja.

"Bado, bwana," alisema Kefa. "Tangu mvua zianze watu sita wametoroka. Wamewafuata wake zao. Mwezi ujao watatoroka wengine. Sisi tunaomba mahali tu, kule ng'ambo ya kijito, na miti ile inayooza. Tutajenga wenyewe Jumamosi mchana. Mwenye mke hapa hatoroki, bwana. Anatoroka kwenda wapi?"

Watu waliokuwa chini ya ngazi walicheka. Bwana meneja hakucheka. Alimgeukia Mikaeli. "Ni kweli, watu sita?"

"Sita, bwana. Zamu yangu imepungukiwa."

Bwana meneja aliwatazama wale watu, akatazama ule mlima wa miti iliyolala. "Jengeni mbili," alisema. "Zikisimama vizuri, mtajenga nyingine."

Jumamosi ile palifanyika mgowe, kazi ya pamoja kama wanavyoijua Wabena. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kefa alitazamia watu sita. Walikuja ishirini na wawili, wote wale waliosomewa karatasi, pamoja na ndugu zao. Walichimba mashimo, wakasimamisha miti, wakafunga fito. Mama Agustino alileta wanawake wenye nyasi za kuezekea na udongo wa kukandika, akawakaripia wanaume kwa kupindisha ukuta. Yoramu alipanda juu ya paa la Kefa, na hakushuka mpaka giza lilipoingia.

Katikati ya kazi Mikaeli alipita njiani. Alisimama, akakohoa.

"Shamba langu limeota majani," alisema, si kwa mtu yeyote hasa.

"Pole, nyapara," alisema Yosefu kutoka juu. "Jembe liko pale, tunaweza kukuazima."

Mikaeli aliangalia jembe. Akaangalia watu. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye fito, akaingia kukanyaga udongo pamoja na wengine. Hakuna aliyemtania tena siku ile.

Kefa alikuwa amempa Efraimu barua ya maneno manne tu: "Subiri. Nyumba ina mlango." Lakini mwezi ulikuwa umekwisha siku mbili zilizopita. Efraimu hakumkuta Tabea nyumbani kwa shangazi, alikuwa ameenda kuchota maji, basi barua aliiacha kwa jirani. Kefa hakujua kama imemfikia. Siku ya lori alikwenda barabarani akasimama. Lori likapita na magunia matupu. Mara ya pili lilileta mafuta ya taa na misumari. Usiku hakupata usingizi. Alimwona Tabea akilini mwake akirudi Ilembula na mtoto mgongoni, hageuki nyuma.

Mara ya tatu lori lilisimama. Efraimu alishuka akazunguka upande wa pili, akafungua mlango. Ukatoka mguu uliojaa vumbi, kisha kikapu, kisha Tabea, ameshika barua mkononi.

Kefa alikuwa ametunga maneno ya kumwambia kwa karibu miaka miwili. Yote yalimponyoka.

"Umekonda," alisema Tabea.

"Umekuja," alisema Kefa.

"Shangazi alisema nirudi. Baba akamtuma kaka anichukue. Nikamwambia kaka, Kefa hajawahi kuniandikia barua fupi hivi. Akiandika fupi, ni kweli." Akacheka, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Akamfungua mtoto mgongoni. "Ema, mwangalie baba."

Kefa alinyoosha mikono. Ema alimtazama mtu yule mrefu mwenye ndevu na harufu ya magome. Midomo ikapinda. Akalia kwa sauti kubwa, akaficha uso shingoni kwa mama yake.

"Mimi ni baba," alisema Kefa kwa upole. "Ema. Baba."

Kusikia neno hilo, mtoto alinyamaza. Aligeuka, lakini hakumtazama Kefa. Alitazama mkono wa Tabea uliokuwa umeshika barua zilizokunjwa, akazinyooshea kidole.

"Baba," alisema.

Tabea aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nikimsomea," alisema. "Kila jioni namwambia, huyu hapa baba. Amezoea hivyo."

Kefa alisimama pale barabarani, na moyo ulimuuma kuliko siku zote alizokuwa peke yake. Alizichukua zile barua mkononi mwa mkewe taratibu, akazitia ndani ya shati lake, kifuani, pembe zake zikichungulia. Ema aliziangalia zikienda. Alimwangalia mtu aliyezichukua. Kisha akajisukuma kutoka kwa mama yake, akanyoosha mikono yote miwili, akamwendea baba yake kuzifuata.